Fedha ya Barabara ni Yako: Ijue, Iulize, Itunze



Leo tunazungumza habari ya barabara. Wengine watasema, "Barabara tunaijua, tunaipita kila siku." Ni kweli. Lakini je, unajua fedha ya kutengeneza barabara inatoka wapi? Unajua inafikaje hapa Ushetu? Unajua wewe mwenyewe unaichangia kiasi gani? Soma polepole. Ukimaliza, msomee na jirani yako.

Kwanza tuwape kisa kimoja.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua zimekolea. Tulikuwa njiani kwenda kutembelea madarasa ya kisomo katika kata za mbali za Ushetu, upande wa kuelekea mpaka wa Mkoa wa Tabora. Tulipofika kwenye mto mdogo, tukakwama. Mto wenyewe wakati wa kiangazi mtoto anauruka. Siku ile ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda kwa kasi. Kalavati lilikuwa limezolewa.

Hatukuwa peke yetu. Mbele yetu ilikuwepo Hiace ya abiria, lori la mahindi, pikipiki tano, na mkokoteni wa ng'ombe. Juu ya mkokoteni alilala mama mjamzito. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku. Mama mkwe wake alikuwa amemshikia khanga juu ya kichwa ili mvua isimpige usoni.

Tulisubiri saa nne. Maji yalipopungua kidogo, wanaume wanane walimweka yule mama kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani, wakavuka. Ng'ambo alipata gari la kumfikisha kituo cha afya. Baadaye tulipata habari. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tulipokuwa tunasubiri pale mtoni, mzee mmoja alisema, "Tuvumilie tu. Siku moja Serikali itatukumbuka, itatupa msaada." Kijana mmoja wa bodaboda akamjibu, "Babu, mimi Serikali nimeilipa leo asubuhi, pale nilipotia mafuta." Watu wakacheka, ingawa siku yenyewe haikuwa ya kucheka.

Ndugu msomaji, kijana yule alisema kweli. Tuyachambue maneno yake.

FEDHA INATOKA WAPI?

Ukinunua petroli au dizeli, hulipi bei ya mafuta peke yake. Ndani ya bei ya kila lita kuna ushuru wa barabara. Ushuru huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1985. Mwaka 1998 sheria hiyo ilirekebishwa ili fedha hizo ziwekwe kwenye mfuko wake maalum. Mfuko huo unaitwa Mfuko wa Barabara, nao una bodi ya kuusimamia. Sheria inasema kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 90, itumike kutunza na kukarabati barabara zilizopo. Iliyobaki inaweza kutumika kujenga mpya.

Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Nyongeza hiyo ilikusudiwa barabara za vijijini na mijini, yaani hizi zetu.

Sasa tupige hesabu kama tulivyofundishana darasani. Chukua kijana wa bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku. Kwa nyongeza hiyo peke yake analipa:

Kwa siku moja: 3 mara 100 ni shilingi 300.
Kwa siku 30: 300 mara 30 ni shilingi 9,000.
Kwa siku 365: 300 mara 365 ni shilingi 109,500.

Umeona? Huyo ni mwendesha pikipiki mmoja, tena hatujahesabu ule ushuru uliokuwepo kabla ya nyongeza. Na wewe usiyekuwa na pikipiki usiseme, "Hainihusu." Unapopanda bodaboda, nauli yako ina mafuta ndani yake. Gunia lako la mpunga likisagwa kwenye mashine ya dizeli, mafuta yamo. Chumvi na sabuni za dukani zimeletwa na gari, mafuta yamo. Hata bibi asiyetoka nyumbani kwake anachangia barabara kila anaponunua kiberiti.

RUZUKU NI NINI?

Serikali Kuu ikitoa fedha kwa halmashauri au kwa wakala wake ili kazi ya wananchi ifanyike, na fedha hiyo hairudishwi, hiyo inaitwa ruzuku. Wengi wetu tukisikia "ruzuku" tunafikiri ni zawadi. Hapana. Zawadi inatoka mfukoni kwa mwenye nayo. Ruzuku inatoka kwenye kapu tulilochangia sote. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza habari ya ruzuku si ombaomba. Anauliza habari ya mali yake.

Ruzuku ni tofauti na mkopo. Mkopo unarudishwa, mara nyingi pamoja na riba. Mfano upo karibu yetu. Majirani zetu wa Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, wamo katika mradi wa barabara za vijijini uitwao RISE. Fedha yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya wilaya chache za Tanzania. Mkopo kama huo utalipwa na Watanzania wote, pamoja na sisi wa Ushetu. Watoto wetu nao watalipa. Ndiyo maana fedha ya barabara, ikiwa ya ruzuku au ya mkopo, haifai kuchezewa.

Iko pia fedha ya halmashauri yenyewe. Hapa kwetu chanzo kikubwa ni ushuru wa mazao, hasa tumbaku. Mwaka 2017 sheria ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu. Lakini na kapu la halmashauri lilipungua. Wenzetu wenye migodi mikubwa, kama Msalala na Geita, wanapata ushuru wa huduma kutoka migodini. Sisi tegemeo letu ni shamba. Na shamba bila barabara ni sawa na ng'ombe wa maziwa asiye na kibuyu cha kukamulia.

NANI ANATENGENEZA BARABARA IPI?

Mara nyingi wananchi wanampelekea mtu malalamiko yasiyo yake. Jua hivi:

Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Hizi ni barabara kama ile ya lami inayotoka Isaka, inapita Kahama, inaelekea Lusahunga.

Barabara za wilaya, zinazounganisha kata na kata, na kijiji na kijiji, zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wakala huu ulianza kazi mwezi Julai 2017. Kabla ya hapo barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe.

Sasa angalia mzigo. TANROADS ina zaidi ya kilomita 35,000 nchi nzima. TARURA ina zaidi ya kilomita 140,000. Lakini kwa miaka mingi, katika kila shilingi 100 za Mfuko wa Barabara, kama shilingi 30 tu ndizo zilizokwenda kwenye barabara za wilaya. Ni kweli barabara kuu zinabeba magari mengi na mazito. Lakini mkulima hazaliwi kwenye lami, wala tumbaku hailimwi kwenye lami. Safari inaanzia kijijini. Ndiyo sababu nyongeza ya mwaka 2021 ilihitajika sana.

KWA NINI FEDHA HAITOSHI?

Mwaka huo huo wa 2021 Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo la uchaguzi, kwa ajili ya barabara hizi. Tulisikia watu wakisema vijiweni, "Milioni 500! Mbona kwetu hatujaona kitu? Zimeliwa!"

Tupige hesabu tena. Jimbo la Ushetu lina kata 20. Ukigawa milioni 500 kwa kata 20, kila kata inapata milioni 25. Kata moja ina vijiji kadhaa. Ukigawa tena, kila kijiji kinabaki na milioni chache tu. Hizo zitaleta greda siku chache, likwangue juu juu, liondoke. Mvua ya kwanza ikinyesha, kazi yote inakwenda na maji.

Kwa hiyo fedha ndogo ikigawanywa sawasawa kwa kila mtu, inaweza isimsaidie mtu yeyote. Hili ni gumu kulikubali. Kila mmoja wetu anataka greda lipite mlangoni kwake. Lakini hebu tufikiri pamoja.

TUTAFUTE SEHEMU KOROFI

Wataalamu wa barabara wana neno lao: sehemu korofi. Ni pale mahali pabaya panapozuia safari nzima. Barabara inaweza kuwa na kilomita 20. Kilomita 19 na nusu zinapitika. Nusu kilomita ni mbuga yenye tope jeusi, au mto usio na kalavati. Basi barabara yote imekufa, kama vile mnyororo wa baiskeli unavyokatika pete moja na baiskeli yote ikasimama.

Kule Dar es Salaam wenzetu wanachelewa kwa sababu ya foleni. Huko Serikali ilijenga njia maalum ya mabasi, na mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria mwezi Mei 2016. Sisi huku hatuna foleni ya magari. Foleni yetu ni ile ya pale mtoni. Dawa yake pia ni tofauti. Hatuhitaji kilomita nyingi za lami kwa siku moja. Tunahitaji kwanza zile sehemu tatu au nne zinazotukwamisha zitengenezwe kwa uhakika: kalavati la kutosha, tuta la kuinua barabara kwenye mbuga, kifusi kizuri cha changarawe, na mitaro ya kutoa maji.

Pale penye mawe, yako madaraja ya mawe. TARURA imeyajenga Kigoma na mikoa mingine. Mawe yanapangwa kwa upinde na kuungwa kwa saruji. Hayahitaji nondo nyingi, na gharama yake ni ndogo kuliko daraja la zege. Kazi ya kusomba na kuchonga mawe inafanywa na vijana wa hapo hapo, kwa hiyo sehemu ya fedha inabaki kijijini.

Kama yule mama wa mkokoteni angekuta kalavati zima, angefika kituo cha afya alfajiri. Hakuhitaji lami. Alihitaji mita chache tu za barabara nzima.

TUOMBE KWA UTARATIBU

Kulalamika kilabuni hakuleti kalavati. Utaratibu upo, tuufuate.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Akina mama, msikae nyuma kimya. Anayebebwa kwenye mkokoteni ni nani?

Pili, mchague sehemu korofi moja au mbili, si kumi. Ziandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Mwandike mahali hasa, tatizo lake, miezi ambayo hapapitiki, na nani anaumia: wanafunzi wangapi, zahanati ipi, tumbaku ya chama kipi cha msingi. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Neno la mdomo husahaulika. Muhtasari uliosainiwa unakaa kwenye faili.

Tatu, muhtasari uende kwa mtendaji wa kata, ujadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani anaupeleka halmashauri, Nyamilangano. Meneja wa TARURA wa wilaya apewe nakala.

Nne, mwangalie kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Mkipeleka ombi mwezi Mei, mmechelewa. Gari limekwisha ondoka. Pelekeni mwezi Oktoba au Novemba, kabla mipango haijafungwa.

Tano, fedha ikija, ulizeni. Kazi inagharimu kiasi gani? Mkandarasi ni nani? Kazi inaanza lini, inaisha lini? Makalavati ni mangapi, kifusi ni cha kilomita ngapi? Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Kama mkataba unasema makalavati 6, nendeni mkahesabu. Kuhesabu mpaka sita sote tunajua! Mkikuta ni manne, mwandikieni mtendaji wa kata na meneja wa TARURA mapema, kabla kazi haijapokelewa.

TUITUNZE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Maji yakikosa mtaro yanatembea katikati ya barabara, yanachimba korongo. Shimo la leo unalijaza kwa toroli moja ya changarawe. Ukiliacha mvua mbili, unataka lori zima.

Hapa tuambizane ukweli. Ni nani anayeziba mitaro? Mara nyingi ni sisi. Mkulima analima mpaka ndani ya mtaro ili apate matuta mawili zaidi ya viazi. Mfugaji anaswaga ng'ombe katikati ya barabara, kwato zinabomoa kingo. Wengine wanachota kifusi cha barabara usiku wakajengee nyumba. Na malori yanayozidisha mizigo wakati wa masoko ya tumbaku yanapita juu ya makalavati madogo, na sisi tunayaangalia tu kwa sababu yamebeba mzigo wetu.

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kuhusu mambo haya. Kinaweza pia kuunda kikundi cha kusafisha mitaro na kufyeka nyasi. Katika mradi ule wa RISE, vikundi vya wananchi, wakiwemo akina mama, vinapewa kazi hizo kwa malipo. Ulizeni kwa meneja wa TARURA kama na kwenu kazi kama hizo zipo. Na kama malipo hayapo, nusu siku ya kazi ya pamoja kabla ya mvua za Novemba haimuui mtu.

WAKATI TUNASUBIRI

Barabara haitengenezwi kwa siku moja, na uchungu hausubiri bajeti. Kwa hiyo shikeni namba hii: 115. Ni namba ya bure ya mpango wa M-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, kwa akina mama waliojifungua karibuni, na kwa watoto wachanga. Mkoa wetu wa Shinyanga ni miongoni mwa iliyotangulia kuutumia, kabla haujazinduliwa kwa nchi nzima mwezi Aprili 2022. Ukipiga 115, mhudumu anauliza hali ya mgonjwa na mahali alipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, anaitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa. Dereva huyo analipwa na mpango. Familia hailipi.

Andika 115 ukutani kwa mkaa, nyuma ya mlango. Msiongoje mpaka maji yajae. Mama aliyekaribia siku zake, hasa miezi ya Februari na Machi, asogee kwa ndugu walio karibu na kituo cha afya kabla ya mto kufurika.

Na kuhusu nauli: nauli za mabasi zinapangwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kondakta akikutoza, dai tiketi. Akikataa, andika namba ya gari. Kalamu yako ina nguvu kuliko makelele.

TUMALIZIE

Ndugu msomaji, tangu siku ile hatuwezi kuvuka mto ule bila kumkumbuka yule mama, na khanga iliyoshikwa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemtakia mabaya. Dereva alikuwepo, ng'ombe walikuwepo, wanaume wenye mabega walikuwepo, kituo cha afya kilikuwepo. Kilichokosekana ni kalavati moja. Na yawezekana kalavati hilo halikuwahi kuandikwa kwenye muhtasari wowote.

Basi mkutano ujao wa kijiji, nenda. Chukua daftari lako na kalamu yako. Liandike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nini tofauti ya zawadi, ruzuku na mkopo?
2. Gari la abiria linatumia lita 20 za dizeli kwa siku. Kwa nyongeza ya shilingi 100 kwa lita, linalipa kiasi gani kwa siku 30?
3. Barabara inayopita kijijini kwenu ni ya TANROADS au ya TARURA?
4. Tajeni sehemu korofi mbili za barabara yenu. Ipi ianze kutengenezwa, na kwa sababu gani?
5. Mara ya mwisho mkutano mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini? Habari ya barabara iliandikwa?
6. Nani kati yenu anaikumbuka namba ya M-mama bila kuangalia gazeti?